Pongo Aliyekataa Kufa Sura ya Tisa

Enzi zetu wanyama walijua Kiswahili kuliko sisi. Wenzangu mliosoma shule za msingi kule Muleba miaka ile mnajua sisemi uongo. Sisi watoto wa Kihaya tulifika darasa la kwanza tukiwa na maneno matatu ya Kiswahili, na mojawapo lilikuwa "shikamoo". Halafu tukafunguliwa kitabu, na humo ndani tukamkuta nguchiro anasema, "Enyi wenzangu, nimeghafilika!" Nguchiro! Mnyama ambaye kijijini kwetu tulimjua kwa kuiba mayai tu, leo ameghafilika. Sisi tulikuwa hata kughafilika hatuwezi, maana ukikutwa uwanjani unaongea Kihaya ulivalishwa kibao cha mbao shingoni, ukatembea nacho mpaka umkamate mwenzako mwenye dhambi kama yako. Nguchiro hakuwahi kuvalishwa kibao.

Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Mchwa walikuwa wameshalila, na nadhani ndio wasomaji walioshiba zaidi shuleni kwetu. Mwalimu Laurian, mwalimu wetu wa Kiswahili, alikifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, ndiyo maana hatukuwahi kujua jina lake wala aliyekitunga. Tulikiita Kitabu cha Nguchiro. Kiliishi ndani ya sanduku la bati ofisini, pamoja na chaki, kengele na mpira usio na upepo, na hukuazimwa mpaka uoneshe viganja pande zote mbili. Sharti lilikuwa moja: ukiazima Jumatatu, Ijumaa unasimama mbele ya darasa kusimulia ulichosoma. Watoto wa siku hizi wanabeba maktaba nzima kwenye simu na hawana wa kumsimulia. Wana bahati sana, maskini.

Zamu yangu ilifika nikiwa darasa la tano, muhula ule aliofariki babu. Tulimzika kwenye kibanja nyuma ya nyumba, katikati ya migomba yake, kama inavyotakiwa. Waombolezaji walipoondoka, bibi akaingia chumbani, akageukia ukuta, akanyamaza. Hakumenya ndizi, hakutafuna kahawa, hakumgombeza mtu, na hilo la mwisho ndilo lililotutisha. Shangazi zangu walileta uji ukarudi ulivyokuja. Katekista alikuja akasali, naye akarudi alivyokuja. Jirani mmoja, mwenye kipaji cha kufariji, alituambia hadharani kwamba bibi atamfuata mumewe kabla kahawa haijaiva. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na niliogopa sana.

Ningependa kuwaambia kwamba nilikaa mlangoni kwa bibi nikimsomea kwa upendo. Ukweli ni kwamba chumba chake kilikuwa na dirisha zuri, na Ijumaa ilikuwa inakuja. Nilikuwa nasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari, siku ya kwanza ukurasa baada ya ukurasa, mpaka bibi akauliza bila kugeuka, "Unaongea na nani?"

"Na wanyama, bibi."

"Wanasemaje?"

Basi nikaanza kumgeuzia kwa Kihaya. Nguchiro ni nahodha, wanyama wa msitu wamechonga mtumbwi, wanavuka ziwa kwenda kuirudisha ngoma yao iliyoibwa na fisi. Bibi alisikiliza kama anayesikiliza mvua kwa mbali. Ila sura ya pili akaingia pongo, na hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Kwa wale mliozaliwa mjini niwaeleze. Kila ukoo wa Kihaya una muziro wake, mnyama ambaye ukoo huo haumli, haumuui, wala haumfanyii mzaha. Muziro wetu, tuliourithi kwa babu, ni engabi, ndiye pongo wa Kiswahili. Bibi alizaliwa ukoo mwingine, lakini kwa miaka yote ya ndoa yake alilinda vyungu vya nyumba ile visiguse nyama hiyo kama sista anavyolinda altare. Na pongo wa kitabuni alikuwa mzee, mwamuzi wa kesi, ambaye kabla ya kusema lolote alikohoa mara tatu. Babu yangu naye alikuwa hivyo. Alikohoa mara tatu kabla ya kuingia popote, hasa kwenye chumba cha rubisi, ili waliokuwa wanaiba pombe yake wapate muda wa kurudisha kibuyu.

Bibi aligeuka kutoka ukutani. "Waitu," alisema, "huyo ni mzee wangu."

Kesho yake nikamkuta jikoni, kisu mkononi, mkungu mbele yake. Alisema hawezi kukaa bure wakati watu wako safarini. Akawa anamenya, mimi nasoma, na kila pongo alipokohoa bibi alitikisa kichwa na kucheka chinichini. Jioni hiyo tulikula ndizi na maharage alivyopika mwenyewe. Alilalamika kwamba chumvi haitoshi, na shangazi yangu alitoka nje akalia kwa furaha.

Jumatano nikatoroka na kitabu chini ya mibuni ili nisome mbele kidogo. Sikuweza kungoja. Sura ya tisa, fisi wanamwita pongo aje kuamua ugomvi wao. Anakuja, anakohoa mara tatu, wanamtia chunguni. Mwandishi, Mungu amsamehe popote alipo, hakumpa hata aya moja ya maziko. Wakamla, wakashiba, hadithi ikaendelea na nguchiro. Nililia pale mpaka makamasi yakadondokea ukurasani. Sikumlilia mnyama, wala sikujidanganya kwamba ni mnyama. Nilijua kwamba nikiingia jikoni na kusoma sentensi ile, nitakuwa nimemuua babu mara ya pili, na bibi atarudi ukutani, safari hii moja kwa moja.

Nikaingia. Nikafungua sura ya tisa, nikaweka kidole kwenye mstari kama kawaida. Pongo akatiwa chunguni. Kisu cha bibi kikasimama katikati ya ndizi. "Halafu?"

"Halafu akakohoa mara tatu," nikasema, "chungu kikapasuka."

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu.

Sasa, mtu mwenye akili zake angesema uongo nyumbani na ukweli shuleni, kama watu wazima wanavyopanga maisha yao. Mimi nilikuwa mtoto. Niliamini kwamba pongo akishaokolewa ameokolewa, jikoni na darasani. Ijumaa nikasimama mbele ya darasa, nikasimulia chungu kilivyopasuka, fisi walivyoungua makalio, na pongo alivyotoka mbio. Darasa lilipiga makofi, wengine juu ya madawati. Ndipo ukanyooka mkono mmoja dawati la mbele, umenyooka kama rula. Alikuwa Devotha, binti wa yule katekista, msichana aliyekuwa anajua kila kitu na hakuona sababu ya kuwaficha wengine.

"Mwalimu, huyo pongo aliliwa. Sura ya tisa."

Mwalimu Laurian alifungua kitabu. Kwa jinsi alivyoitafuta sura ya tisa kuanzia nyuma, nadhani ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukisoma. Alipoiona akakunja uso. "Njia ya mwongo ni fupi," akasema, na fimbo yake ilikuwa ndefu. Nilichapwa sita, na sanduku la bati likafungwa kwangu mpaka mwisho wa muhula.

Niliporudi nyumbani bibi alikuwa ameshakaa, kisu mkononi. "Amefika wapi mzee wangu?"

Hapo ningefanyaje? Nilichukua kitabu changu cha hisabati, nikakifunika kwa karatasi ya mfuko wa saruji, nikakaa upande mmoja wa makalio, nikasoma. Kwa wiki saba nilimsomea bibi matembezi ya pongo kutoka kwenye ukurasa wa sehemu na desimali. Pongo alipanda mwinuko wa Kamachumu akapumzika kwenye kibanja cha watu. Akateremka Bukoba, akaingia melini bila tiketi. Akashuka tena, na pale Ijuganyondo, kando ya mji, akaamua kesi ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Bibi alikuwa mkali kuliko mhariri yeyote.

"Huko melini alikula nini?"

"Ndizi, bibi."

"Pongo anakula ndizi zilizopikwa?"

"Huyu amesoma."

Aliridhika. Kahawa ikaiva, ikavunwa, ikaanikwa, na yule jirani wetu mwenye kipaji cha kufariji akaalikwa kuja kuitafuna. Bibi aliishi miaka kumi na miwili zaidi, akatugombeza yote kumi na miwili.

Mara ya mwisho nilipokaa naye nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nimevaa tai. Nilimwona amedhoofu, nikaona nitubu kabla hajaondoka. Nikamwambia kwamba pongo yule, kusema kweli, kitabuni aliliwa.

"Najua," alisema. "Wiki saba hukufunua ukurasa hata mmoja. Mimi sijui kusoma, mwana wange, lakini nimemenya ndizi maisha yangu yote. Mkono unaofanya kazi naujua, na unaojifanya naujua." Kisha akaniuliza kama pongo amesharudi kutoka Bukoba. Nikamwambia bado yuko njiani.

Devotha nilimwoa. Marafiki waliniuliza kwa nini, nikawaambia ni kumkomesha. Haikusaidia. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumaliza hadithi mbele ya wageni bila mkono kunyooka upande wa pili wa meza: haikuwa Jumanne, ilikuwa Jumatano, hawakuwa watu ishirini, walikuwa saba. Alifariki mwaka jana. Sasa nikiwa hapa Hamugembe, mjini Bukoba, nasimulia ninavyotaka, watu ishirini, watu mia, na wageni wananiamini. Sijawahi kuchoshwa na kitu kama hicho.

Mwezi uliopita nilitolewa mtoto wa jicho. Jicho moja lilifungwa bandeji, nikakatazwa kusoma, na wanangu wakaniletea mjukuu wangu Koku, miaka kumi na minne, anisaidie. Alikuja na kishikwambi na riwaya yake ya Kiingereza yenye juzuu saba, nayo ni ya wanyama wanaoongea. Nilifurahi, mpaka nilipowasikia. Kuna mbweha mwenye saa ya mkononi. Kuna panya buku anayehuzunishwa na malezi yake. Kila mnyama ana siri na jeraha la moyo. Pongo wetu hakupata nafasi ya jeraha la moyo, alikuwa na miadi na chungu. Nikamuuliza Koku kama anajua muziro wake. Akafikiri kidogo akasema, "Babu, ni kama ile nyota ya kuzaliwa?" Nikamwambia ndiyo, ila hii ukiila unatoka vipele.

Hata hivyo alikuwa ananisomea kila alasiri, Kiingereza machoni, Kiswahili mdomoni, kidole kikiteleza juu ya kioo kubadilisha kurasa. Nami nilikuwa nasikiliza kwa dharau, kama inavyompasa mtu wa rika langu, hadi alipoingia korongo. Alikuwa jike, mzee, ana mguu mmoja mbovu, na kila mnyama aliyefungua mdomo alimsahihisha. Simba alipohutubia jeshi lake, korongo alinyoosha bawa akamwambia hesabu yake haiko sawa.

Nilicheka mpaka bandeji ikalegea. "Koku, huyo ni bibi yako."

Toka siku hiyo nilikuwa namngoja korongo kuliko chai. Juzi wanyama wakazingirwa ndani ya pango, maji yanaingia, na korongo akajitolea kubaki kuzuia mlango wakati wenzake wanatoka. Koku akasoma kimoyomoyo, nikaona macho yake yanateremka kwenye kioo halafu yanabaki pale.

"Halafu?" nikauliza.

"Chaji imeisha, babu."

Chaji ilikuwa asilimia themanini. Jicho moja zima linatosha kuona hilo. Usiku ule sikula vizuri, nikasema ni dawa.

Jana alasiri alirudi, akakaa karibu nami kuliko kawaida, akafungua kishikwambi. Akasoma kwamba maji yalipofika shingoni, korongo aliyaambia maji yenyewe kwamba yamekosea njia, nayo yakaona aibu yakarudi. Akatoka. Akaruka juu ya ziwa, usiku na mchana, na mguu wake mbovu, mpaka akauona mji wenye migomba, akatua ufukweni, akaanza kuwasahihisha wavuvi.

"Mji gani huo?" nikauliza.

"Hawajaandika, babu. Lakini ni kama Bukoba."

Nilikuwa nakitazama kidole chake. Kilikuwa kimetulia juu ya kioo, hakitelezi, ukurasa uleule tangu alipoanza. Nikangoja kwa mazoea mtu anyooshe mkono aseme huyo korongo alikufa. Sebule nzima hakuna aliyenyoosha.

Nikakohoa mara tatu. "Endelea," nikamwambia. "Amefika wapi?"