Bucha na Goti la Kondoo

Duka lake la nyama lilishafungwa, lakini watu hawakuacha kumwita Bucha. Hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa pande la mtu, viganja vipana kama sinia, na sauti nzito iliyowafanya wateja waongeze nusu kilo bila kupenda. Soko lilipobomolewa kupisha barabara, alibaki nyumbani akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka shemeji yake alipomwambia kwamba kwenye maabara ya chuo cha mifugo wanatafuta mtu wa kutunza kondoo.

"Kutunza?" alicheka. "Mimi na kondoo tunajuana kwa njia nyingine."

Akaenda hivyo hivyo. Daktari wa mifugo aliyempokea alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haraka, asiyezungusha maneno. Alimwonyesha banda na chumba cha upasuaji, kisha akamweleza kazi yenyewe. Pale mifupa inapokutana kuna utando mweupe unaoteleza, unaitwa gegedu. Ukichubuka hauponi wenyewe, maana damu haiufikii, na ndiyo sababu mnyama aliyeumia goti huchechemea mpaka kufa kwake. Kila kondoo angelazwa usingizi na kutobolewa kishimo kidogo kwenye gegedu la goti. Baadhi wangejazwa ute wenye kichocheo cha ukuaji, yaani protini inayoziamsha seli zijenge upya. Wengine wangejazwa ute mtupu, ili ijulikane kama ni dawa iliyofanya kazi au ni bahati tu.

"Na mwisho wake?" Bucha aliuliza.

"Mwisho tunawalaza wote moja kwa moja, tunafungua magoti, tunaangalia. Nakwambia leo ili usije ukasema hukuambiwa."

"Daktari, mimi nimechinja tangu sijaota ndevu. Hilo halinisumbui."

Baada ya upasuaji kondoo wengi waliinuka wakala. Jike mmoja mwenye doa jeusi shavuni aligoma. Bucha akakaa kwenye majani makavu, akamnyooshea kiganja chenye pumba. "Kula, mama. Kidogo tu." Alimbembeleza hivyo kutwa nzima, mpaka ulimi wa kondoo ukagusa kiganja. Tangu hapo jike yule hakubanduka nyuma yake. Mguu uliopasuliwa aliukanyagia kwa madaha, taratibu, na Bucha akambandika jina: Bibi Harusi.

"Leo Bibi Harusi kala nini?" mkewe alimuuliza jioni moja.

"Pumba na karoti."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

"Mimi nilipougua homa uliniambia uji uko jikoni."

Asubuhi Bucha akamchemshia mkewe chai, nyepesi kama maji ya kusuuzia vikombe. Mkewe akainywa yote.

Kazi ya Bucha ikawa kuwatembeza kondoo kwenye ujia wa saruji huku daktari akitazama miguu. Siku Bibi Harusi aliporuka hori la maji, Bucha alipiga makofi peke yake bandani. Lakini siku ya mwisho ilivyokaribia, maneno yalimpungua. Hatimaye akamfuata daktari ofisini, kofia mkononi.

"Huyu mmoja aachwe, daktari. Nitakaa naye uani kwangu."

Daktari hakukasirika. Aliondoa mafaili kwenye kiti, akamkaribisha akae.

"Nikimwacha huyu kwa kuwa tunampenda, wale wengine nitawaambia nini? Na goti lake nisipoliona, maumivu yake tutakuwa tumempa bure." Akayaweka mafaili mezani. "Usidhani mimi nalala vizuri wiki hii. Ukitaka, siku hiyo usije. Sitakulaumu."

Nyumbani, mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Usipokuwepo wewe, atapelekwa na nani?"

"Watu wa zamu."

"Asiowajua."

Bucha akaenda. Hakuhitaji kamba, Bibi Harusi alimfuata mwenyewe. Akapiga magoti sakafuni, akamkumbatia shingo, na daktari akachoma sindano. Mwili ukalegea mikononi mwake, mzito, bado una joto. Alikuwa amechinja wasiohesabika, ila hakuwahi kukaa na mnyama mpaka pumzi ya mwisho bila kisu mkononi. Alitoka nje akanawa, akanawa tena, ingawa hakukuwa na damu.

Mchana daktari alimwita. Mezani yalilala magoti yaliyofunguliwa. Katika mengine kishimo kilikuwa vilevile, kama tundu la msumari ukutani. Katika goti la Bibi Harusi kilikaribia kujaa, cheupe, kingo zimeungana.

"Alipata dawa," daktari alisema. "Katikati bado ni laini kuliko gegedu la asili. Lakini limejijenga."

Maungo kama haya Bucha aliyakata kwa shoka maisha yake yote, ya supu, asiyatazame. Alivaa glavu, akapitisha kidole juu ya ule weupe. Daktari akageukia dirishani, akamwachia nafasi ya kulia.

Yalikuja makundi mengine ya kondoo, na wenzake walimwonya asiwape majina. Aliwapa wote. Baadaye kikatoka kibali cha kutibu wanyama wagonjwa, wenye wanyama wakiridhia. Wa kwanza alikuwa mbwa mzee wa mama mmoja, mwalimu mstaafu. Bucha alimbeba kutoka kwenye gari, na yule mama akamvuta kando.

"Niambie kweli. Hii dawa inasaidia, au mnabahatisha?"

"Wengine wamesaidika, mwalimu, wengine hapana. Mimi nimeona goti moja kwa macho yangu."

"La nani?"

Akamsimulia. Mwalimu alisikiliza mkono wake ukiwa mgongoni kwa mbwa, kisha akasema polepole, "Haya. Mwingize."

Walirudi kukaguliwa baada ya miezi kadhaa. Asubuhi za baridi mbwa alikuwa bado akichechemea, mwalimu alieleza, lakini ngazi alizipanda mwenyewe. Siku hiyo hakusubiri kubebwa. Alishuka garini, akamwona Bucha mlangoni, akavuta mnyororo kwa nguvu hata mwalimu akapepesuka.

"Mshike, baba, ataniangusha!"

Bucha alikuwa ameshachuchumaa, amefungua mikono.