Picha za Samaki Asiyefika Nyumbani

Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka 2015, Zihindula alinipigia simu asubuhi na kuniomba nije na kamera. Hakutaka picha nzuri.

"Dada, nataka picha yenye kuonyesha sura yangu na samaki pamoja," alisema. "Sura na samaki. Ukikosa kimoja, mi nimekwisha."

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimemaliza masomo Columbus na kuhamia Kenmore, kitongoji cha Buffalo, na yeye, mkewe na mtoto wao Gloire waliishi ghorofa ya chini yangu. Zihindula alikuwa mtu wa Bukavu, mwenye miaka kama arobaini, mrefu na mpole. Siku tano za wiki alikata kuku katika kiwanda kimoja cha Tonawanda. Hapo kiwandani, mzee Mmarekani wa zamu yake alikuwa amemfundisha uvuvi wa nzi wa bandia: mvuvi hafungi chambo hai, hufunga manyoya na nyuzi kwenye ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, kisha huirusha juu ya maji kwa mshipi mrefu. Mzee huyo alimfundisha pia kwamba samaki akishashikwa, hurudishwa mtoni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kwao, mume akiaga kwamba anakwenda kuvua, mke huinjika sufuria. Jumamosi ya kwanza Nzigire, mkewe, alichemsha maji ya bugali akasubiri. Zihindula akarudi mikono mitupu. Aliona haya kusema kwamba alikamata samaki watatu akawaachia, kwa hiyo akasema, "Hawakula." Alisema hivyo wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne Nzigire akakuta ndani ya mfuko wa koti lake nywele za bandia za kusukia, nyekundu. Yeye husuka nyeusi.

Zihindula akaeleza basi kila kitu: samaki, kuwaachia, nywele alizonunua dukani kwa kuwa rangi ile inawavutia. Lakini ukweli ulikuwa umechelewa, ukaonekana wa uongo kuliko uongo wenyewe. Nzigire akampa wiki moja. Asipoleta ushahidi, Jumapili baada ya ibada angempigia Bagula, kaka mkubwa wa Zihindula aliyeishi Louisville. Bagula akishasema neno katika ukoo ule, hakuna wa kulipinga, na kila mtu alijua angesema nini: fimbo ya kuvulia iuzwe, na mtu akae nyumbani kwake.

Njiani kuelekea mtoni, kusini ya Buffalo, nilishindwa kujizuia.

"Kaka, kwa nini usimpelekee samaki mmoja tu, yaishe?"

Zenoni, rafiki yake Mrundi aliyekuwa akiendesha, akapiga usukani kwa kicheko. "Mwulize vizuri huyo! Mimi wangu nawala, tena na ndizi. Umesikia mke wangu akinitafuta?"

"Sheria inaruhusu mmoja," Zihindula alikubali. "Bon. Dada, siku tano mi niko nakata kuku. Kisu, kuku, kisu, kuku. Siku moja nataka kushika kitu, kisha kiende. Ni mubaya?"

"Umemwambia Nzigire hivyo?"

"Nimwambie nahurumia samaki? Atacheka mpaka Louisville wasikie."

Mto ulikuwa mpana na wa kina kifupi, na majani ya manjano yalipita juu yake. Zihindula alivaa suruali ya mpira inayofika kifuani, akafungua kisanduku chake. Ndani walipangwa wadudu kama thelathini, kila mmoja amefungwa kwa mkono, na nyekundu ile ikachomoza hapa na pale. Nikawapiga picha. Nilitaka kujua alijuaje ni nyekundu na si bluu.

"Nilijaribu bluu," alisema. "Bluu walinichekelea."

Kwa saa tatu hatukupata kitu. Zenoni alikwenda kulala garini. Mimi niliingia majini kwa buti za kuazima na kumtazama Zihindula akirusha. Mkono ulirudi nyuma, ukangoja mshipi unyooke hewani, ndipo ukaenda mbele. Nilijaribu kupiga picha ule wakati wa kungoja na sikuweza. Kila mara ulikuwa umepita.

Kisha fimbo ikapinda. Zihindula hakupiga kelele, alisema tu, "Dada, yuko." Samaki aliruka mara mbili, trauti mwenye urefu wa mkono wangu, ubavu wake una mstari wa waridi. Zenoni alitoka garini mbio, kiatu kimoja mguuni.

"Mwinue juu! Juu, usoni!"

"Hapana, atakauka." Zihindula alimweka samaki ndani ya wavu, majini, akalowesha mikono yake kwanza. "Dada, uko tayari? Namwinua mara moja tu."

"Tazama kamera, kaka."

Akamwinua. Hakutazama kamera; alimtazama samaki. Nilibofya, nikabofya tena, na samaki alikuwa ameshazama. Zihindula alimshika tumboni bila kumbana mpaka mkia ukaanza kupiga wenyewe, akafungua vidole.

"Umepata?"

Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi. Sikujua.

Alasiri Nzigire alichukua kamera bila kunikaribisha kiti. Picha nyingi zilikuwa maji na kiwiko. Katika moja vilikuwemo vyote: sura, samaki, na kwenye taya ya samaki kitu kidogo chekundu.

"Hii ndiyo nywele?"

"Ndiyo," nilisema.

Akatazama muda mrefu. Nikadhani yameisha, na naona Zihindula pia alidhani hivyo, maana alianza kuvua koti.

"Donc walikula," Nzigire alisema.

Zihindula akasimama na mkono mmoja ndani ya koti. "Walikula."

"Kutoka siku ya kwanza?"

"Watatu."

"Wiki tatu unanidanganya! Mwanamke ningejua pa kumtafuta. Samaki nimfanye nini, Papa Gloire? Kwa nini hukusema?"

Basi akamwambia. Alimwambia habari ya kisu na kuku, kwa maneno yale yale aliyotuambia garini, ila polepole zaidi, akitazama sakafu. Nzigire hakucheka. Aliinua tena kamera, akairudia ile picha ambayo mumewe hatazami mtu.

"Louisville sitapiga," alisema mwishowe. "Lakini mimi sijaona kitu bado. Nimeona picha." Akanigeukia. "Dada, maji ilikufika wapi?"

Nikamwonyesha, juu ya goti.

"Baridi?"

"Sana."

Akafikiri. Kisha akamwambia mumewe, "Tafuta buti za namba yangu."