Albamu Niliyoimba Mahali pa Mwingine

Nilirudi Kyela nikiwa mtu mzima, ndoa yangu imeishia Mbeya bila mtoto na bila ugomvi mkubwa wa kusimulia. Mama yangu yuko Makwale na mikakao yake, na alitaka nikae naye, lakini mwanamke aliyerudi kwao huulizwa swali lile lile na kila anayepita uani. Nikapanga chumba Mbugani. Nikaweka cherehani barazani, nikawa nashona sare za shule na magauni ya kitenge. Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Tanga na biashara ya vitambaa, na duka lake liko upande wa mbele. Alinipokea vizuri, lakini alikuwa na wajukuu, wateja na swala zake. Mimi nilikuwa na cherehani.

Nyuma ya nyumba kuna ghala la zamani la mpunga. Humo kulikuwa na bendi iliyofanya mazoezi kila Jumamosi mchana, wanaume wanne waliokua pamoja tangu utotoni. Mpiga gitaa wao alikuwa amekaa Sauzi miaka mingi, akarudi na gitaa la umeme na kidude cha kukanyaga kwa mguu ambacho kiliifanya sauti ya gitaa ikwaruze kama bati linaloburutwa barabarani. Walipiga roki, ile nzito hasa. Hapa kwetu hakuna aliyewahi kupiga kitu kama hicho, na mwanzoni watu waliwacheka. Kilichowanyamazisha watu ni mwimbaji. Alikuwa na sauti ya kupasua, akaimba Kiswahili na Kinyakyusa, akaimba habari za maloli yanayolala mpakani Kasumulu yakisubiri kuvuka na za mvua inayobomoa daraja kila mwaka. Albamu yao ya kwanza ilipigwa kwenye kila bodaboda kutoka mjini mpaka Matema. Hata mama mwenye nyumba, ambaye hasikilizi muziki, nilimkuta siku moja akiifuatisha huku akipima kanga.

Kisha mwimbaji akaoa Karonga, upande wa Malawi. Hawakugombana na wenzake. Ukweni kulikuwa na mashamba na hakukuwa na mtoto wa kiume wa kuyalima, basi akavuka mpaka na godoro lake, akaenda kuishi huko. Ghala likanyamaza.

Ilipita muda mrefu, ndipo mpiga gitaa akaja barazani kwangu na kitambaa cha kufunikia spika kilichochanika. Nilikuwa naimba. Huwa naimba ninaposhona pindo ndefu, na sikumwona mpaka nilipoinua kichwa kutafuta mkasi.

"Dada," aliniambia, "hiyo sauti unaipeleka wapi?"

"Kwaya, Jumapili."

"Na siku nyingine?"

Nilikipokea kitambaa chake. Akakaa kwenye benchi la wateja, akasubiri nimalize kushona kitambaa chake, na kabla hajaondoka akaniomba nije ghalani Jumamosi, nijaribu tu.

Nilikwenda. Nitasema ukweli kwamba nilikwenda kwa sababu niliitwa. Tangu nirudi, watu walinijia na nguo. Huyu alikuwa wa kwanza kunijia kwa ajili yangu mwenyewe.

Mwalimu wa kwaya aliposikia, aliniita pembeni baada ya ibada. Hakunifokea. "Mwanangu, vitu viwili hivi havikai kwenye koo moja," alisema. "Chagua mwenyewe." Nikachagua, na tangu Jumapili iliyofuata nikawa nakaa viti vya nyuma na wageni.

Nyimbo za zamani sikuziweza. Nilizijaribu zote, lakini pale ambapo yule mwimbaji alipasua, mimi nilikwama. Mpiga gitaa akasema basi, tutunge nyingine. Nikatunga zisizokuwa za kelele. Magitaa yalibaki mazito, hayo hakukubali kuyagusa, lakini mwendo ulipungua, ukawa kama wa ngoma za msibani, na mimi niliimba chini yake polepole. Niliimba habari za mwanamke anayerudi na sanduku. Niliimba za maji yanayoingia ndani mwezi wa nne ukiwa umelala. Mmoja ulikuwa wa Kinyakyusa mtupu, wimbo wa mtu anayemsalimia kila anayekutana naye njiani, ugonile, ugonile, na anapofika mwisho wa njia anagundua hakuna aliyeitikia. Tulirekodi Mbeya. Fundi wa studio alipousikia huo wa Kinyakyusa alivua vile vya masikioni, akauliza, "Ni nani kafariki?" Wenzangu wakacheka. Mimi pia nikacheka, nikiwa nimechelewa kidogo.

Albamu ilipotoka, Kyela iligawanyika. Silitii chumvi jambo hili, maana lilitokea mbele ya baraza langu. Upande wa pili wa barabara kuna kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, na mwenye kibanda alikuwa akiipiga kwa sauti ili kuvuta wateja. Madereva wa bodaboda walisimama kubishana.

"Hii si bendi ile. Wangebadilisha jina."

"Wewe unataka kelele tu. Huyu dada anasema kitu."

"Anasema au analia? Mimi nikitaka kilio nitakwenda msibani, kuna chakula."

Hata walionipigania walinipigania wao kwa wao. Waliiinua albamu ili kumwangusha aliyesema ni mbaya, na walipochoka waliwasha pikipiki zao, na mimi nilikuwa nimekaa pale pale, mita chache kutoka kwao, nashona kola. Wengi hawakujua kuwa ni mimi. Waliojua walikwepa macho yangu. Kanisani wanawake wawili waliniambia kwa kunong'ona kuwa ule wa sanduku waliupenda, kisha wakaongeza, "Usimwambie mtu."

Jioni moja mama mwenye nyumba aliniletea kisahani cha kashata, akasimama mlangoni.

"Mwanangu, nimeisikia hiyo kanda yenu," alisema. Kwake kila kitu ni kanda. "Magitaa siyajui. Lakini sauti yako mle ndani iko peke yake, kama mtu aliyefungiwa nyumba ya watu. Hao wenzako wako wapi?"

Nikamwambia wako, ndio wanaopiga.

"Haya," alisema, akaniachia kisahani.

Mpunga ulipovunwa tukaenda kupiga Ipinda, uwanjani karibu na soko, mchana. Watu walikuja wengi. Tulianza na nyimbo mpya. Wimbo wa kwanza walinyamaza. Wa pili, mtu mmoja nyuma alilitaja jina la yule mwimbaji wa zamani, mara moja tu, kama anayeita mtu aliyemwona kwa mbali. Wa tatu, kundi zima likalitaja. Karibu na jukwaa mama mmoja mwenye beseni la samaki wa kukaanga aliwageukia, "Mwacheni aimbe!" Kijana mmoja akamjibu vibaya, mwanaume mwingine akaingilia, wakakamatana mashati. Wakaachanishwa. Mimi niliendelea kuimba, maana sikujua nifanye nini kingine.

Hapo mpiga dramu akaanza kupiga mwanzo wa wimbo wa zamani, ule wa maloli. Hakuniangalia wala hakuniambia. Mpiga besi akamfuata, na mpiga gitaa akakanyaga kidude chake. Uwanja ukalipuka. Watu waliuimba wenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho, kila neno, hata na zile pumzi za mwimbaji. Nilisimama katikati na kipaza sauti mkononi, na hakikuhitajika. Nikageuka nyuma. Wenzangu watatu walikuwa wamegeukiana, wanapiga huku wanatabasamu, na tabasamu lile sikuwahi kuliona ghalani. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wamerudi nyumbani, basi. Nilikiweka kipaza sauti kwenye kishikio chake, nikashuka, nikaenda nyuma ya spika kunywa maji. Wimbo ulipokwisha, mpiga gitaa alikuja kunitafuta.

"Samahani, dada. Watu wangevunja jukwaa."

"Mmefanya vizuri," nilimwambia, na nilimaanisha. Nikapanda tena, tukamalizia.

Baada ya miezi kadhaa baba yake mpiga besi alifariki Makwale. Nilikwenda kupika na wanawake wengine. Siku ya maziko, nikiwa kwenye sufuria la ndizi, mwanaume mmoja mrefu alikuja mekoni akiomba maji ya moto ya kunywea dawa. Nilimjua kabla hajamaliza kuomba. Sauti yake ya kuongea ilikuwa ndogo, ya kawaida kabisa.

"Ni wewe," alisema.

"Ni mimi, kaka. Pole na safari."

"Ndaga, asante." Alipokea kikombe, hakuondoka. "Albamu ilinifikia Karonga. Jamaa mmoja alinirushia kwenye simu."

Nikachochea moto. Yeye akachuchumaa pembeni, mahali pasipo na moshi.

"Sitakuzungusha, dada. Sikuipenda."

Sijui kwa nini, lakini kifua changu kililegea. Alikuwa mtu wa kwanza kuniambia mimi mwenyewe, usoni, bila hasira na bila kunong'ona.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Ni nyimbo za mtu aliyekaa chumbani peke yake. Umeziimba vizuri, sikatai. Lakini mimi niliimba ili nitoke chumbani." Alikunywa dawa yake, akakunja uso. "Huo wa kusalimia njiani siwezi kuumaliza. Kule niliko mimi ni mkwe, wananisalimia vizuri sana. Naufikisha katikati, nazima."

Nikaongeza kuni. Kisha akauliza, "Siku hizi chai ya mazoezi anachemsha nani?"

"Chai gani?"

"Ghalani. Kabla ya kuanza."

"Hatunywi chai. Tukifika tunaanza, tukimaliza kila mtu na njia yake."

Akakiweka kikombe chini. "Nilikuwa nachemsha mimi," alisema. "Tulikuwa tunakaa kwenye magunia, tunasemana, tunachekana. Mazoezi yenyewe yalikuwa mafupi tu." Akatikisa kichwa. "Wale hawawezi hata kuwasha jiko. Walipaswa kukwambia."

Baada ya maziko niliwaona wale wanne wa ghalani wamekaa kwenye gogo nyuma ya migomba. Mwimbaji aliponiona aliniita kwa mkono, nikaenda, wakasogea kunipa nafasi. Mpiga dramu alikuwa katikati ya kisa fulani cha shuleni. Alikatiza, akaanza kunieleza nani ni nani katika kisa hicho, ili nisiachwe nje, na kisa kikafa mikononi mwake. Nilimaliza chai yangu, nikawaaga, nikamtafuta bodaboda wa kunirudisha mjini. Njia nzima alipiga albamu ya kwanza.

Bendi haikuvunjika kwa ugomvi. Mvua zilikuja, mazoezi yakaahirishwa, kila mtu akaingia shambani. Mpiga dramu sasa anapiga kanisani. Mpiga besi yuko na mama yake Makwale. Mpiga gitaa alirudi Sauzi, na kabla ya kuondoka alinishika mkono kwa mikono yote miwili, akasema albamu ile ndiyo aliyoitaka, hata kama hakuna mwingine aliyeitaka. Namwamini. Ghala limepangishwa tena kwa mfanyabiashara wa mpunga.

Mwaka huu, Jumapili moja baada ya ibada, simu iliita, namba ya nje. Alikuwa ni yule mwimbaji wa Karonga. Amepata wenzake huko, Wamalawi wawili na kijana wa Tukuyu, wanapiga wikiendi, na wanataka kujifunza ule wa Kinyakyusa.

"Maneno ya ubeti wa pili yananichanganya," alisema. "Niimbie, dada. Nimekuweka kwenye spika, wote wanasikiliza."

Nilifunga mlango, nikakaa kitandani, nikauimba wote. Nilipomaliza hapakuwa na sauti upande wa pili. Niliita haloo, haloo. Mtandao ulikuwa umekatika, sijui wapi. Nilikaa na simu mapajani, nje watu wakipita na Biblia zao.

Ikaita tena.

"Ilikata pale pale mwanzo," alisema. "Hatukusikia kitu. Rudia."

Nikarudia.