Likizo Kwenye Nyumba ya Mbuzi

Ijumaa iliyopita nilikatiza soko la mbuzi la Nizwa, huku Omani, na mzee mmoja mwenye kanzu iliyofukizwa udi akanipita akivuta beberu. Harufu zile mbili zikanishika puani kwa pamoja, nikasimama katikati ya njia kama mtu aliyeitwa. Watu wakanipigia kelele niwapishe. Mimi sikuwa Nizwa tena. Nilikuwa karibu na Sur, mtoto wa miaka minane, nimeshika chetezo, nafukiza zizi.

Wakati huo tulikaa Ibra, na bahari nikiijua kwa kusimuliwa tu. Basi Baba aliporudi na habari kwamba amekodi nyumba ya mapumziko upande wa pwani, mimi na dada yangu Zuwena tuliruka mpaka Mama akatutoa nje. Alichoficha Baba ni kwamba nyumba yenyewe ilikuwa banda la mbuzi. Mwenyewe, Mzee Khalfan, alilipaka chokaa, akatia kiyoyozi na mikeka, akaanza kupangisha wageni.

Tulipofika, siri haikukaa hata kidogo. Mlango ulikuwa wa kimbuzi hasa, Baba akagonga kichwa. Hori la kulishia lilikuwa limepangwa mito, ati ndiyo kochi. Pete za chuma za kufungia kamba zilibaki ukutani. Mama akatundika mkoba wake. Bibi, mama yake Baba, alisimama nje na buibui lake, hakutia mguu ndani.

"Nimevuka bahari nzima kutoka Unguja, nije nilale penye kwato?"

"Mama, pamesafishwa, wallahi."

"Pua yangu haijasafishwa. Nikisikia beberu humu ndani, tunarudi Ibra leo leo."

Na Bibi akisema, gari hugeuzwa. Baba akatutangazia kwamba hakuna kwenda pwani mpaka Bibi akubali kulala. Hebu fikirini! Bahari iko nyuma ya kilima cha mchanga, naisikia ikivuma, sijapata kuiona maishani, na kinachonizuia ni pua ya bibi yangu!

Tukawasha makaa, tukatia udi, tena ule mzuri ambao Mama aliuweka kwa ajili ya harusi. Nilizunguka na chetezo kila pembe, chini ya mikeka, ndani ya hori, mpaka Zuwena akashikwa na chafya na Mama akauliza kama tunafukiza nyumba au tunakausha samaki. Hatimaye Bibi akainama, akaingia, akakaa kwenye mito. Akanusa kulia. Akanusa kushoto.

"Hmm," akasema, na kwa Bibi hiyo ilikuwa nusu ya ndiyo.

Hapo ndipo tuliposikia kengele.

Kundi zima lilikuwa linashuka kilimani, mbele jike mzee mwenye sikio lililochanika. Hawakujali gari, hawakujali watu. Wakaja moja kwa moja, na yule jike akatia kichwa mlangoni, akatutazama kama vile sisi ndio tuliopotea. Nyuma yake beberu, harufu imemtangulia. Nikajua bahari ndiyo imekwenda. Nikaanza kulia.

Mzee Khalfan akaja mbio, kiatu mguu mmoja, fimbo juu, akiomba radhi kwa Kiarabu. Baba akawa anamfasiria Bibi: amewajengea zizi jipya, zuri, lina kivuli, lakini kila alasiri wanarudi hapa. Tangu baada ya Ramadhani.

"Kila siku?" Bibi akauliza.

"Kila siku, anasema. Hawasikii."

"Mwambie ashushe hiyo fimbo."

Bibi akatoka, akakaa kizingitini, akamtazama yule jike mzee. "Waache wapumzike kidogo," akasema. "Wamekuja kwao." Kisha akageuka, akaniona na kamasi zangu. "Na wewe unalilia nini? Si mlitaka pwani? Yallah, kabla jua halijazama!"

Tulikimbia! Mchanga ulichoma nyayo, nikaparamia kilima kwa mikono na miguu, na kule juu nikaiona, buluu yote ile, haina ukuta, haina mwisho. Nikaingia na nguo zangu, nikameza maji ya chumvi, nikacheka, nikameza tena. Zuwena alipiga ukelele hata ndege wakaruka.

Tuliporudi tukichuruzika maji, Bibi alikuwa palepale, akimlisha jike yule maganda ya tikiti na kumwita bi mkubwa. Likizo yote, kila alasiri, kengele ikilia alitoka kuwapokea. Sisi tulicheka tu: Bibi amepata wageni.

Bibi alikuwa na nyumba Unguja, ambayo hakuiuza wala hakumpa mtu; alifukuzwa humo, wakaingia wengine. Tulilijua jambo hilo, lakini halikutuhusu.

Mimi nimehamahama sana, sijadumu popote. Bibi alikuwa ameshafariki safari zangu ziliponifikisha Unguja, nikafuata maelezo yake kichochoro kwa kichochoro mpaka mlango wa nyumba ile. Sikuwa na la kudai. Nilisimama nikiutazama tu. Mwanamke mmoja akatoka na ungo wa mchele, akaniangalia toka kichwani mpaka viatuni.

"Umepotea?"

"Hapana," nikasema.

Akapangusa baraza kwa upindo wa khanga yake. "Basi kaa, upumzike kidogo."

Nikakaa. Na hapo ndipo nilipomsikia vizuri Bibi, kizingitini kule karibu na Sur, akiamuru fimbo ishushwe.