Mafuta ya Nyonyo kwenye Mteremko wa Sekenke

Kaka yangu Kefa Msengi aliendesha malori karibu miaka ishirini bila kugonga hata kuku, na watu wa Kinampanda walimcheka kwa hilo. Walisema anayepanda gari la Kefa afunge chakula cha njiani, hata kama anakwenda kijiji cha pili. Alikuwa mtu wa maneno machache, Mlutheri wa kuketi benchi la mbele, na kabla ya kuwasha gari alilizunguka mara mbili akigonga matairi kwa fimbo.

Kazi alifunzwa kwenye mgodi wa dhahabu wa Sekenke, wakati wa Mwingereza. Alianza mwaka 1952 kwa kusukuma toroli, akapanda kuwa mwosha malori, mwisho akapewa usukani. Aliyemfunza ni fundi mmoja mzee, Stefano, ambaye alimchapa makofi kila alipokosea gia. Neno alilomwachia ni hili: gia unayopandia mlima ndiyo unayoshukia. Ukishuka kwa gia nzito, injini yenyewe hulishika gari. Breki ni ya kusimamisha, si ya kushukia. Ukiikanyaga mteremko mzima hupata moto, na ikipata moto haikusikii tena.

Stefano alimwambia na jambo jingine, ambalo natamani angekufa nalo. Alisema magari ya zamani, kabla viwanda havijatengeneza mafuta maalumu ya breki, yalitiwa mafuta ya nyonyo yaliyopunguzwa uzito kwa pombe kali. Mafuta ya injini yanavimbisha mpira ulio ndani ya silinda za breki, lakini ya nyonyo hayaudhuru. Kefa aliliweka neno hilo kichwani miaka yote, kama mtu anavyoweka kipande cha waya akijua ipo siku.

Mimi ni Dorika, mdogo wake. Nilikuwa nakamua nyonyo, mafuta ya kujipaka na ya taa, na nyuma ya nyumba yangu nilikuwa napika gongo. Sioni haya kusema. Mume alikwisha kufa na watoto walitaka kula, na kanisa halikuniletea debe la mtama hata moja. Lakini Kefa hakukanyaga uani kwangu penye mtungi na bomba. Akija kunisalimu alisimama nje ya ua wa miiba, tukazungumza kila mtu upande wake, akasema ataniombea. Nilimjibu aombe na mvua pia.

Mvua yenyewe haikuja. Mwaka 1974 njaa ilikuwa imeingia kila nyumba, na juu ya njaa ikaja Operesheni Vijiji. Tuliambiwa watu wa vitongoji vyetu vya mlimani tutahamia kijiji kipya cha ujamaa kule bondeni, chini ya mteremko wa Sekenke, na tuwe tumekwisha kuhama kabla ya tarehe fulani. Kijiji kilikuwa na lori moja kuukuu la petroli, tulilochangia wenyewe, na dereva wake alikuwa Kefa. Aliyesimamia uhamishaji alikuwa kijana mmoja wa suti ya Kichina, Ndugu Anselm, aliyeletwa kutoka mbali na hakuujua mlima wetu.

Lori lilikuwa na magonjwa mawili. La kwanza, gia namba moja ilikuwa inaruka. Meno yake yalikwisha kulika, na kwenye mteremko iliweza kuchomoka yenyewe. Kefa aliitibu kwa kuufunga mkono wa gia na utepe wa mpira wa baiskeli, akauvuta hadi kwenye chuma cha kiti cha abiria. Ukifungwa hivyo gia haiendi popote. La pili, mafuta ya breki yalikuwa yanavuja. Kefa alikwenda Singida mjini kutafuta mengine, akakaa huko siku tatu akizunguka duka kwa duka, akarudi na kopo tupu. Hayakuwapo.

Akamwendea Ndugu Anselm, kofia mkononi.

"Ndugu, gari halina breki. Tusubiri."

"Ndugu Kefa, taifa haliwezi kusubiri kopo la mafuta."

"Nashuka Sekenke na watoto wa watu."

"Wewe ni dereva au si dereva? Niandike kwamba umekataa?"

Siku zile, kuandikwa kwamba umekataa kulitosha kukupeleka mahali usipopajua. Asubuhi iliyofuata nilimwona kaka yangu, kwa mara ya kwanza maishani, ameingia uani kwangu. Aliupa mtungi mgongo. Akaniomba chupa mbili za mafuta ya nyonyo na chupa moja ya gongo, ile kali.

Nilicheka hadi nikashika ubavu. "Leo kanisa limehamia kwangu?"

"Si ya kunywa," akasema. Hata tabasamu hakutoa.

Aliyachuja mafuta kwa kitambaa cheupe mara tatu, akayachanganya na gongo, akayatia kwenye breki. Akalijaribu lori uwanjani, akakanyaga breki mara kumi, na mara kumi likasimama. Watu wakapiga makofi. Nikamwona Kefa akifuta jasho usoni, na nikafikiri sasa sote tumepona.

Lakini hakuyaamini sana, kwa hiyo aliweka sheria yake. Kila safari, tukifika pale barabara inapoanza kuinama, alisimamisha lori akasema, "Shukeni wote." Wakubwa, watoto, wagonjwa wanaoweza kujikongoja, wote walishuka mlima kwa miguu, na lori likabaki na mizigo tu. Wasioweza kutembea walilazwa juu ya vitanda vya kamba wakabebwa na wanaume wanne wanne. Lori lilifuata nyuma kwa namba moja, polepole kiasi kwamba mbuzi wetu walilipita. Utingo alikuwa ameshapelekwa kuchimba mashimo ya vyoo huko kijiji kipya, kwa hiyo nilipewa mimi kazi yake: kutembea nyuma ya gurudumu nikiwa na kabari ya mninga, Kefa akisimama niisukumie mbele ya tairi.

Watu walinung'unika. Wengine walisema gari gani hili, sisi ndio tunalisindikiza. Ndugu Anselm alitaka kupiga marufuku jambo lile, ila alipouchungulia mteremko kutoka kiti cha mbele, yeye mwenyewe akashuka akatembea kama wengine.

Sasa niseme langu. Safari ya kwanza, kwenye kona ya tatu, Kefa alisimama ili gari lipoe. Nilitia kabari. Nilipoinama karibu na gurudumu nilisikia joto linanipiga uso, na ndani ya joto lile, harufu ndogo ya gongo.

Naijua harufu hiyo kuliko ninavyolijua jina langu. Na mpika gongo anajua jambo moja ambalo Mlutheri wa benchi la mbele hawezi kulijua: gongo haisubiri maji. Unawasha moto, maji bado hayajatokota, na gongo imekwisha kugeuka mvuke na kupanda bombani. Ndiyo kazi yenyewe. Kama gurudumu linapata moto, na gongo imo ndani ya breki, basi mle ndani itageuka mvuke, na ukikanyaga mvuke unakanyaga hewa. Nililiona lote palepale, kabari ikiwa mkononi.

Sikusema. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilijiambia tunakwenda polepole, breki inapata joto kidogo tu. Nilijiambia Kefa ndiye dereva, mimi mwanamke wa mtungi naanzaje kumfundisha breki. Nilijiambia nikisema atalikataa lori, ataandikwa, na wakiuliza gongo ilitoka wapi nami nitaandikwa. Sababu zilikuwa nyingi, na kila moja ilikuwa nzuri. Tukashuka salama, siku hiyo na safari nyingine tano.

Safari ya saba ilikuwa ya mwisho, na ndani yake alikuwamo mama yetu, Elizabeti. Miguu yake ilikuwa imevimba hata haiingii kandambili. Kefa alikwisha kumwandalia kitanda cha kamba na wanaume wanne wenye nguvu. Tulipofika pale juu akamfungulia mlango.

"Mama, shuka, vijana watakubeba."

Mama alikitazama kitanda kile muda mrefu. "Mwanangu, kwenye kitanda anabebwa maiti."

"Mama, wote tumewabeba hivyo."

"Hao wengine si mimi. Mmenitoa kwenye kaburi la baba yenu, nikanyamaza. Mmenivunjia nyumba, nikanyamaza. Sitaingia kijiji kipya nikiwa nimebebwa kama nimekufa. Gari ni la mwanangu, nitafika nimekaa."

Watu wote walikuwa wanasikiliza. Kefa alisimama ameshika mlango. Alikuwa ameitunza sheria yake dhidi ya Ndugu Anselm, dhidi ya kijiji kizima, lakini dhidi ya mama hakuweza. Ni nani angeweza? Akamwambia, "Haya mama, kaa." Mguu mmoja wa mama haukupata pa kuwekwa isipokuwa pale ulipopita utepe wa mpira. Kefa akaufungua utepe, mguu ukae vizuri. Nilimwona akiushika mkono wa gia kwa mkono wake wa kushoto badala yake, na mkono wa kulia ukabaki peke yake kwenye usukani.

Watu walitangulia kama kawaida, wakishika njia za mkato. Mimi nikafuata nyuma na kabari yangu. Kona ya kwanza, salama. Kona ya pili kuna shimo, na Kefa ilimbidi akate usukani kwa mikono miwili. Nilisikia gia ikichomoka. Ilitoa mlio mmoja mkavu, kisha injini ikanguruma bure na lori likaanza kukimbia.

Nilikimbia nalo. Nilipiga kelele gani sijui. Taa ya breki ikawaka, lori likapunguza mwendo, na kwa muda mfupi nikafikiri nitalifikia. Kisha likaongeza tena. Taa ikawaka na kuzimika, ikawaka na kuzimika, Kefa alikuwa anapiga breki, na kila akipiga lori lilijibu kidogo kuliko mwanzo. Ile harufu ikanijia usoni, sasa si ndogo tena. Hendibreki aliivuta, nikasikia inasaga chuma, halafu kimya.

Chini yake, kwenye kona ya nne, watu wetu walikuwa wameketi barabarani wakipumzika. Watu thelathini na wawili, na watoto wakiwamo. Kulia kwa barabara kulikuwa na korongo, kushoto ukuta wa mlima. Usukani wa magari yetu uko kulia. Maana yake upande wa korongo ulikuwa wa Kefa, na upande wa mlima ulikuwa wa mama.

Korongoni wangekufa wote wawili. Kama angenyoosha, wangekufa wale wa barabarani. Kefa alikata kushoto, akalisugua lori kwenye mwamba, ubavu mzima, likasaga, likasaga, hadi likasimama hatua kama kumi na tano kutoka kwa mtoto wa kwanza. Nilipofika, Kefa alikuwa hai, mkono umevunjika. Mama alikuwa amekaa. Alikuwa bado amekaa vilevile, lakini alikwisha kufa.

Vijana walikwenda kukileta kile kitanda cha kamba.

Mahakamani hakimu aliuliza ni mafuta gani yalikuwa kwenye breki. Kefa akasema ya nyonyo na gongo. Watu wakacheka, hata karani. Hakimu akamuuliza gongo aliipata wapi, maana gongo ni kosa peke yake. Kefa akasema aliinunua kwa mpita njia asiyemjua. Nilikuwa nimekaa benchi la tatu. Aliniangalia mara moja, akaangalia pembeni. Wale thelathini na wawili hawakuitwa kusema kitu, na hawakujitolea. Ndugu Anselm alikwisha kuhamishwa wilaya nyingine. Kefa akapewa miaka mitatu kwa kuendesha kwa hatari na kusababisha kifo.

Alirudi mwaka 1978, kichwa chote cheupe. Leseni ilikwisha kufutwa, na hata isingefutwa nadhani asingegusa gari. Nilimpa chumba nyuma ya nyumba yangu ya kijiji kipya, nikampikia ugali, akala. Siku ya nne, asubuhi, nilikuwa uani nimewasha moto chini ya mtungi. Kefa akatoka chumbani. Nilidhani atapita aupe mtungi mgongo kama zamani, lakini jela ilikuwa imemwondolea mambo mengi. Akavuta kigoda, akaketi, akatazama.

Moto ulikuwa umeshika muda mfupi tu. Tone la kwanza likatoka bombani, kisha la pili, kisha yakafuatana. Kefa akainama mbele, akausogeza mkono kwenye mtungi.

"Maji yametokota?" akauliza.

"Bado."

Matone yaliendelea kuangukia chupani. Nilijua anafika wapi, nami sikuwa na pa kwenda.

"Kumbe huwahi hivi," akasema.

Hakuniuliza kama nilijua. Mtu aliyepika gongo miaka kumi na minane huulizwa nini. Aliinuka taratibu, akakirudisha kigoda mahali pake, akaenda kuchukua blanketi lake chumbani. Alikaa kwa mchungaji hadi alipojenga kibanda chake, hatua mia mbili kutoka kwangu. Kila asubuhi alinisalimu nje ya ua, akaniuliza hali za watoto, nami nikamjibu. Aliishi miaka kumi na mmoja mingine, na katika miaka hiyo yote hakula tena chakula kilichotoka mkononi mwangu.