Spika Iliyolowa Mlangali

Mama mdogo Oktavia alifundishwa gitaa na wanakwaya wa parokia, lakini nyimbo alizotunga hazikuwa za kwaya. Zilianza polepole kama mtu anayenung'unika jikoni, halafu ghafla gitaa linapasuka. Aliimba habari za umande ulioganda ukaunguza viazi. Yeye na Kheri, mpiga ngoma wa Makambako, waliiita bendi yao Baridi Kali.

"Ni roki," Kheri alikuwa akiwaeleza watu. "Roki ya huku kwetu."

Harusini waliambiwa wapige wakati wa kula tu. Hata hapo sauti ilitoka meza za nyuma: "Jamani, pigeni kitu cha kucheza! Kwani kuna msiba?" Tena spika yao ililowa mvua kule Mlangali, tangu siku hiyo ikawa inakwaruza. Mama mdogo aliichukia. Aliipigapiga kama anayemwamsha mlevi.

Mwaka huu Kheri akasema inatosha, anaenda kuendesha lori la baba yake.

"Wewe ukiacha, na mimi naacha," Mama mdogo akamjibu. "Gitaa nitampa padri."

Wakakubaliana wamalizie Lupembe, kwenye sherehe ya wakulima wa chai.

Tulipofika, mimi nikiwabebea nyaya, vijana wa hapohapo walikuwa jukwaani. Wanapiga ule wimbo wa viazi. Gitaa lao linakwaruza vilevile.

Waliposhuka, Mama mdogo akawafuata. "Spika yenu imefanyaje?"

"Shikamoo, mama." Huyo alikuwa Brayson, wa gitaa. "Tumeitoboa kwa msumari. Wimbo wenu tunao kwenye simu. Tulijaribu kila namna, ile sauti ikagoma mpaka tulipotoboa. Ninyi mlitumia nini?"

"Mvua," akasema Kheri.

Wakacheka, wakidhani anaficha siri ya kazi. Mama mdogo hakucheka. Aliitazama ile spika, mpya kabisa, ina matundu. Miaka yote alikuwa akiwaangalia wanaotoka ukumbini. Wanaorekodi kwa simu hakuwahi kuwafikiria.

"Mazoezi mnafanyia wapi?"

"Kwenye banda la majani ya chai, Jumamosi, lori la kiwanda likishayabeba."

"Nitakuja."

Kheri akamgeukia. "Okta, si ulisema gitaa ni la padri?"

"Padri ana kinanda chake. Panda jukwaani, Kheri. Anayeaga ni wewe."