Vidonge Vyekundu vya Mbio

Nilimwogopa mwalimu wetu wa michezo kuliko nilivyowaogopa wazazi wangu, na hilo ndilo lililotuponza. Alisema msichana atakayekimbia Tororo mbele ya wakubwa lazima ale mayai na maini, la sivyo damu itamwishia njiani. Kusema ni rahisi! Kwetu Mukuju, miaka ile ya sitini, mwanamke hakula kuku wala yai. Hivyo vilikuwa vya baba na wageni. Sisi tulikula ugali wa wimbi, majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, na kumbikumbi msimu wa mvua. Nilividharau, nikidhani ni vya kujaza tumbo tu.

Mkimbiaji mwenzangu wa Busia akaniletea chupa ya vidonge kutoka ng'ambo ya mpaka.

"Hii ni damu tupu," alinambia. "Kula moja asubuhi, moja jioni. Mayai waachie wanaume."

Vilikuwa vyekundu, vimepakwa sukari. Nilivificha chini ya mkeka, katika chumba nilicholala na mdogo wangu wa miaka minne.

Asubuhi moja nilirudi kutoka mazoezini nikamkuta mtoto anatapika. Shangazi yetu, aliyekuwa akikaa nasi, alikwisha kutoa hukumu: ameiba yai la kuku anayeatamia, na mwiko umemshika. Mama alimpigapiga mgongoni huku akilia, ili alitapike hilo yai. Niliingia chumbani nikainua mkeka. Chupa ilikuwa tupu.

Niliirudisha chupa pale pale, nikatoka, nikanyamaza. Niliogopa fimbo ya baba, tena niliogopa kukatazwa mbio. Nikaacha mtoto mgonjwa asingiziwe wizi.

Jua lilipofika utosini akaanza kuhara damu. Baba akamfunga kwa leso kwenye keria ya baiskeli, mimi nikakimbia kando nimemshika mgongo, tukishika njia ya hospitali ya Tororo. Kila alipolegea kichwa nilidhani amekata roho. Hapo bado nilikuwa kimya.

Nusu ya safari kutapika na kuhara vikakoma. Akafumbua macho, akaomba uji. Baba akasimama, akacheka kwa faraja.

"Mungu mkubwa! Yai limetoka. Turudi nyumbani."

Akaanza kuigeuza baiskeli. Nami nikafurahi. Naam, nilifurahi, kwamba sitajulikana. Kisha nikaushika mkono wa mtoto. Ulikuwa baridi kama maji ya mtungini, na kucha zimepauka. Hofu iliyonishika hapo ilizimeza zile nyingine zote.

"Baba, si yai. Amekula dawa yangu. Chupa nzima."

Nilingoja kofi. Hakunipiga; aliielekeza tena baiskeli Tororo. Alikanyaga pedali kwa nguvu hata mimi, mkimbiaji wa shule nzima, nikaachwa nyuma kwenye vumbi.

Nilipofika walikuwa wamekwisha kumwosha tumbo. Muuguzi, mama mmoja mnene mwenye sauti kali, alinivuta pembeni, nikamweleza kuhusu vile vidonge vya damu.

"Dawa hii ya chuma humpumzisha mtoto kidogo, halafu humrudia. Mngalimrudisha nyumbani, kesho mngalimzika." Akanitazama miguu iliyojaa vumbi, akatambua ni ya mwanariadha. "Nawe damu unaitafuta dukani, na iko kwenye chungu cha mama yako! Wimbi, kunde, kumbikumbi, ulidhani ni takataka?"

Usiku wa kwanza na wa pili nililala sakafuni kando ya kitanda, nikisikiliza pumzi zake, nikiogopa kusinzia nisije nikaamka zimekoma. Siku ya tatu aliketi akadai uji kwa hasira.

Leo ana wajukuu. Kila tukikutana huwasimulia jinsi dada yake alivyosema kweli njiani akamwokoa, nao hunishika mikono na kunishukuru. Hajui kwamba nilijua tangu asubuhi. Na mimi, mtu mzima na mvi zangu, huzipokea asante zao.